Sura Iliyofika kwa Jina la Mwenzangu

Kikundi chetu cha waandishi wa Nakuru kinaishi kwenye barua pepe. Ukituma kwa anwani moja, barua inatufikia sote, akiwemo mhariri mmoja wa Nairobi. Mhariri huyo alituambia angechagua sura moja ya riwaya aichapishe. Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, na angesoma tu zilizopitia kikundini.

Kulikuwa na dada mmoja wa mtaa wa Section 58, rika langu. Akituma aya mbili tu kuhusu mashamba ya Ndabibi, sifa zilimiminika siku nzima. Mimi nilipata majibu mawili, matatu. Nilimwonea wivu hadi nikajua saa anazoamka, kwa kuangalia saa za barua zake. Alipofungua blogu, nikanunua anwani ya barua pepe yenye jina langu mwenyewe na kuiwekea ulinzi mkali kabisa. Tangu siku hiyo hata yale majibu machache yakakauka.

Alhamisi nilituma sura yangu. Ijumaa saa tisa dada huyo akanipigia simu, yeye mwenyewe.

"Sasa. Nimepata sura yako kwenye spam, kati ya barua taka."

"Ulikuwa unatafuta nini huko?"

"Wewe. Miezi miwili kimya, na vile unapenda kuongea?"

Anatunza kompyuta za shamba moja la maua, kwa hiyo alielewa kilichotokea. Barua yangu hutoka na sahihi ya siri, iliyokokotolewa kutokana na maneno yake yenyewe. Mwalimu mstaafu anayesimamia kikundi ameagiza mtambo uongeze mstari chini ya kila barua: Tusomane kwa upole. Mstari huo ukiingia, sahihi hailingani tena na barua. Hata sahihi ya dada inavunjika, ila anwani yake haijali. Yangu ilikuwa imeagiza, kwa amri yangu mwenyewe, kwamba barua ya namna hiyo itiliwe shaka.

Nikampigia mwalimu.

"Niutoe? Mwanangu, mstari huo ndio kikundi chenyewe. Legeza kufuli yako."

Kulegeza kungechukua hadi kesho yake, na anwani yangu ya zamani nilishaifunga. Nikarudi kwa dada.

"Basi niitume mimi," alisema. "Nitaandika juu kabisa kwamba ni yako."

Sura niliyoilea miaka mitatu, ipite mlangoni na jina lake!

"Uko, ama umeenda kuoga? Ni saa kumi na moja na nusu, msee."

"Tuma."

Jumamosi asubuhi mhariri alijibu mbele ya kikundi kizima. Ameichagua, alisema, na akampongeza dada: hii inashinda zote ulizowahi kututumia. Hakuwa amesoma maneno ya juu. Hata kazi yangu mwenyewe ilikuwa imemfuata yeye.

Kabla sijaandika neno, barua ya dada ikaingia.

"Si yangu. Nimeandika hapo juu ni ya nani, someni tena. Tangu jana naisoma nikitamani ingekuwa yangu, na sijapata usingizi."

Niliisoma mara nne. Mara ya nne nilikuwa natabasamu, tabasamu ambalo singependa alione.