Santuri za Baba Kabiri na Tumbo la Kache

Iko siku moja naikumbuka kuliko Idi zote nilizokula Uarabuni. Ilikuwa Ijumaa alasiri, Jeddah, mtaa wa Al-Safa, na mzee wa nyumba niliyofanyia kazi alinigombeza mpaka nikaweka chini sinia la chai. Kaa kitako, mwanangu, nikwambie. Mimi shule niliishia darasa la tatu, maneno ya mapambo sina, na siku hizi nimechoka hata kuzunguka mbuyu sitaki. Nitakwenda moja kwa moja.

Miaka ile kila kijiji cha pwani kilikuwa na wakala wake wa kupeleka watu kazi Uarabuni, na kila wakala alikuwa na picha ya jumba kwenye simu. Mimi sikuwa msichana, nilikuwa nimeshazaa wanne, lakini mgongo ulikuwa bado mgongo. Nilianza Riyadh, kwenye joto kavu la kupasua midomo. Wenye nyumba walipohamia Jeddah nikahama nao, pamoja na makabati, mazulia na masanduku ya santuri za mzee, niliyoyafunga kwa mablanketi kwa mkono wangu mwenyewe.

Mzee huyo alikuwa babake bosi. Sisi wafanyakazi tulimwita Baba Kabiri, yaani mkubwa wa nyumba. Ujanani alipelekwa Amerika kusoma mambo ya mafuta, akarudi na cheti na masanduku hayo. Hazikuwa taarabu wala kasida. Zilikuwa nyimbo za watu weusi wa huko, kuukuu hata kwake yeye: bluzi na jazi. Mwanawe hakuzipenda, lakini baba ni baba. Alichofanya ni kufunga mlango. Mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka, hawezi kuteremsha sindano ya gramafoni bila kukwaruza. Basi kazi hiyo ikawa yangu kila alasiri, nikishaanika nguo.

Mwanzo sikuambulia kitu. Santuri zenyewe nzito kama sahani, na ukiangusha moja inavunjika kama sahani. Inaanza kwa kukaanga, kama dagaa kwenye mafuta, halafu ndio sauti inatokea kwa mbali. Baba Kabiri ndiye aliyenieleza, kwa Kiarabu cha jikoni nilichokijua. Aliyempenda zaidi alikuwa mwanamke mmoja, mfuaji wa nguo za watu. Wenye mashine za kunasa sauti walikuja mjini kwao, wakakodi chumba cha hoteli, wakatundika mablanketi ukutani sauti isirukeruke, wakawaita waimbaji mmoja mmoja. Wakati huo hakukuwa na kufuta. Ukikohoa, kikohozi kimeingia, kitakaa humo mpaka kiama. Mama yule alisimama akaimba homa yake, na nyumba aliyotolewa, na mume aliyekwenda zake, kisha akarudi kwenye beseni lake. Kwake hakuwa na gramafoni. Pengine alikufa bila kuisikia santuri yake.

"Sikiliza hapa," Baba Kabiri huniambia. Na kweli, kabla ya ubeti wa mwisho, unamsikia mama yule akivuta pumzi kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Mimi niliyebeba ndoo naijua pumzi hiyo.

Kwenye jazi alikuwa na mpiga tarumbeta wake, mtu aliyeshinda akipakua meli bandarini. Mwimbaji akimaliza mstari, tarumbeta inamjibu, kama jirani anayeitikia nyuma ya ukuta. "Huyu hapulizi," mzee alisema, "mpaka amesikia mwenzake amesema nini."

Sasa nikuletee Kache. Msichana wa Kigiriama kutoka Kaloleni, alikuja baada ya sisi kuhamia Jeddah, tukawa twalala chumba kimoja. Mcheshi, Mungu amhifadhi. Madam, mke wa bosi, akimhimiza, "Yalla, Kache, yalla!" yeye hujibu kutoka jikoni kwa Kiswahili, "Nimeyalla mpaka miguu imeisha, madam!" na madam hucheka asijue ameambiwa nini. Ijumaa, tukishaosha vyombo vya mchana, tulipewa simu zetu. Kache hukaa dirishani akamrekodia mamake ujumbe wa sauti. Wimbo ulikuwa ule ule. "Mama, mimi mzima kama kigongo! Chakula tele, kazi nyepesi, hata nimenenepa!" Usimcheke, sote tulifanya hivyo. Hakuna mwanamke niliyemjua kule aliyemwambia mamake kweli.

Kunenepa kulikuwepo, lakini kulikuwa tumboni peke yake. Asubuhi moja niliingia chumbani nikamkuta akijifunga leso kiunoni, ameikaza mpaka nyama imetoka mistari.

"Mama Rehema, usipige kelele," akaniambia. "Ni uvimbe. Mimi sijaguswa na mwanamume tangu nitoke kwetu."

"Nani kasema umeguswa?"

"Watasema. Sina mume, na tumbo hili hapa. Wataita polisi kabla ya daktari."

"Na damu hii yote kwenye ndoo?"

"Itaisha tu. Niapie hutasema."

Nikamwapia. Woga wake haukuwa wa bure. Kule asiye na mume akionekana na mimba ni kesi, na wasichana tuliokutana nao soko la Sharafiya, tulipopelekwa kununua vitu vya nyumbani, kila mmoja alikuwa na kisa chake cha mwenzao aliyechukuliwa. Kache aliwaza hivi: nikilionyesha tumbo nitafungwa, nikilificha labda litaondoka. Mtu wa nchi nyingine angeogopa ugonjwa. Sisi tuliogopa kuonekana.

Haikupita muda ndiyo ikafika Ijumaa ile. Nilikuwa chumbani kwa Baba Kabiri, nimeshika sinia, natafuta pa kuliweka niteremshe sindano. Dirisha lake lilitazamana na la jikoni. Mzee akainua mkono ninyamaze. Kache alikuwa akirekodi, mzima kama kigongo, kicheko juu. Akamaliza. Kisha tukamsikia ameshika sinki na kuguna, mguno mrefu wa mwanamke aliye kwenye uchungu.

Mzee hakujua Kiswahili. Akaniuliza, "Amesema nini?"

"Anamwambia mamake yu mzima."

"Na hii ya mwisho, amemwambia nani?"

"Hakumwambia mtu, baba. Alikuwa ameshazima simu."

Akanitazama. Nimetazamwa na wengi maishani, mwanangu, na macho yale bado yananichoma.

"Miaka yote unaniwekea santuri, umesikia nini wewe?" akasema. "Mwanamke yule aliimba mbele ya watu waliomdharau, akasema panapomuuma. Huyu hawezi kumwambia aliyemzaa? Na wewe unayelala naye chumba kimoja, umemjibu nini?"

"Ameniapisha, baba."

"Kiapo cha kumzika mtu!" Akapiga mkono wa kiti. "Toka. Leo sitaki muziki. Halas, basi."

Nikaweka sinia chini nikatoka. Jikoni Kache alikuwa amekaa sakafuni, uso umepauka kama unga. Nikamwambia, "Sema wewe au nitasema mimi."

"Ukisema, wewe na mimi basi," akanijibu. "Sitakujua tena."

Nikaenda kwa madam. Alipomfungua ile leso alipiga ukelele uliofika barabarani. "Mimba! Mimba ya nani? Ya dereva?" Maskini dereva, Mkamba mmoja mlokole, mtu asiyeinua macho hata kumpokea mtu chai.

"Madam," nikasema, "mimba gani hii yenye kumwaga damu kila mwezi? Mpeleke kwa daktari kwanza. Polisi wapo tu, hawakimbii."

Madam alikuwa ameshaichukua simu. Ndipo tukamsikia Baba Kabiri akipaza sauti kutoka chumbani kwake, kwa Kiarabu kizito nisichokielewa chote, ila neno moja nililipata: hospitali. Madam akaishusha simu. Mkwe hashindani na mzee katika nyumba ile.

Hospitali walimpiga picha ya tumbo. Ulikuwa uvimbe, na si mmoja, mkubwa wao kama kichwa cha mtoto. Damu ilikuwa imemwishia. Walimpasua siku hiyo hiyo, na ili apone ikabidi wauondoe na mfuko wa uzazi. Muuguzi wa Kisudani alinieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji: angekuja mapema, wangetoa uvimbe tu. Kache alipozinduka na kuambiwa, aligeukia ukutani. Madam naye alikuwa binadamu, alimletea supu kila siku, na habari ya mimba hakuigusa tena. Msamaha pia hakuuomba.

Akapona, akarudishwa kwao. Mamake alinipigia akilia, "Mbona kila Ijumaa alikuwa akicheka?"

Mkataba wangu ulipokwisha nilikwenda Kaloleni. Kache alinipa kiti, akanipa maji, akaingia ndani asitoke tena. Kuna methali ya mficha uchi, unaijua jinsi inavyomalizika. Mimi siitamki tena, maana namjua aliyefikwa nayo. Siku hizi anauza mitumba sokoni Mariakani. Mimi hupita karibu na kibanda chake nikamsikia akibishana na wateja, "Mama, hii si ya kwenda kulimia, ongeza!" na watu wanacheka. Mimi hanisalimii. Hununua mboga zangu nikaenda. Yu hai, na mdomo anao. Nimetosheka.

Basi sikiliza, wewe unayefunga begi. Ukiumwa, sema. Sema mapema, utaje mahali penyewe, tena umwambie mtu mwenye uwezo wa kuinuka akafanya jambo. Usiwaambie wote, wako wanaofanya maumivu ya wenzao soga. Kumdanganya mama ili apate usingizi usikuite mapenzi. Ni kumnyima haki yake ya kuhangaika kwa ajili yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo hakiulizi kama ulikuwa na sababu nzuri. Na ukipewa siri ya mtu, ipime. Siri ya aibu ifunge ufe nayo. Siri inayomla mwenye nayo ivunje, hata kama uliapa. Atakuchukia, na chuki yake ni nzito, sitakudanganya. Ibebe. Heri umpoteze rafiki naye abaki mtu.

Haya, nenda. Mungu akupe nyumba yenye watu wenye huruma. Akupe afya, na siku ukiikosa akupe ulimi wa kusema na masikio ya kukusikia. Nasi atuwekee uhai mpaka urudi, uingie mlango huu kwa miguu yako mwenyewe. Amina.