Haina Gia

Juzi fundi mmoja hapa Garissa alifungua skuta mbele yangu, na harufu ya mkanda wa mpira uliopata moto ikanikumbusha baiskeli ya injini ya Aabo, baba yangu. Aliifungia mwenyewe puli ya mkanda inayojitanua na kujibana, ikawa inapanda mwinuko wa kutoka mtoni bila kupigwa pedali.

Siku moja, nikiwa mtoto nimepakiwa nyuma yake, askari kwenye kizuizi cha barabarani aliinama kuitazama akauliza, "Gia iko wapi?"

Kiswahili changu kilikuwa maneno machache. Nilisikia *geel*, yaani ngamia kwa Kisomali chetu, na wakati ule askari walikuwa wakitunyang'anya ngamia. Wetu wa mwisho tulikuwa tumemficha vichakani.

"Haina gia," Aabo alijibu taratibu. "Inajibadilisha yenyewe."

Nilimkumbatia mgongoni, nikistaajabu jinsi alivyomdanganya askari bila sauti kutetemeka. Leo najua alisema kweli kuhusu baiskeli. Kuhusu ngamia, hakuna aliyemuuliza.