Mwandiko wa Zuhura

Usiku ule, kabla sijaona chochote, nilisikia mlio. Mdogo, safi, kama kucha inapogonga ukingo wa kikombe. Ukanyamaza. Ukalia tena, karibu zaidi, na hapo nikajua ni nani, kwa sababu kiwandani kwetu ni mtu mmoja tu aliyekuwa akigonga pete kwa kucha ya kidole gumba, akainamisha kichwa kuusikiliza mlio mpaka uishe kabisa, ndipo akaiweka chini. Zuhura. Na Zuhura tulimzika kabla ya masika.

Niseme kwanza nililala na nini moyoni. Tunatengeneza pete za kauri za pampu za maji. Kila tunapowasha tanuri, katikati ya bidhaa tunaweka pete ndogo tunayoiita shahidi. Moto huisinyaza, na kwa kuipima baadaye tunajua kama zile nyingine zimeiva sawasawa, maana kwa macho huwezi kujua. Pete isiyoiva hupasuka ndani ya pampu, na watu wa huko ilikofungwa hurudi kuchota maji mtoni. Zuhura ndiye aliyekuwa mkuu wa tanuri. Kila shahidi aliyetoka motoni aliandikwa naye namba ya mzigo wake kwa penseli, kwa mwandiko wake uliolala kushoto, saba yake imekatwa kiunoni. Mimi alinifundisha kazi, na pamoja na kazi nikachukua mwandiko. Wenzetu walitutania kwamba tumeazimana mkono.

Wiki ile mteja wetu mkubwa alileta habari kwamba wakaguzi wake wanakuja. Kiwanda kikawa kama nyumba yenye harusi. Tulipaka rangi kuta, tukaficha chupa za chai, tukasukumia stoo kila kitu ambacho mgeni asingekielewa. Ovaroli ya Zuhura ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari wake karibu na tanuri. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuigusa. Mimi ndiye niliyeitungua, kwa kuwa jina lililoshonwa kifuani halikuwa tena la mfanyakazi. Naye Chande, mwenzangu wa zamu, mtu asiyevumilia vumbi, akachukua trei zote za mashahidi, akawazamisha kwenye ndoo ya sabuni ya unga na kuwasugua kwa brashi. Akawaanika juani, akaniita nikaone. Nikaona. Weupe, wanameremeta, hakuna hata mmoja aliyebaki na namba.

"Mbona hunisifu?" Chande akaniuliza.

Mkaguzi akija huchagua mzigo, akaomba shahidi wa mzigo ule, akampima mwenyewe. Meneja alilijua hilo. Hakufoka. Alinipa sanduku la pete na penseli, akaniambia nikaandike nyumbani, kwenye utulivu. Nilimwuliza niandike namba gani kwenye pete gani. Akasema yoyote itakayofaa, mradi uwe mwandiko uleule, kwa kuwa wakaguzi wanaufahamu. Akasema mteja yule akituacha tutafunga milango, na kabla hatujaifunga Chande atakuwa ameshafukuzwa. Chande ana mapacha wachanga. Nikalibeba sanduku. Jioni niliandika pete moja, mkono ukawa mzito, nikalala.

Basi nikaufuata mlio. Nafungua mlango wa chumba changu na nje si uani kwetu; ni kiwandani, mchana, jua linaingia kwa madirisha ya juu. Sakafu imeoshwa na maji bado yanatiririka, lakini nikiyakanyaga hayanilowanishi. Zuhura amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya tanuri. Amevaa ile ovaroli, ina makunyanzi vilevile nilivyoikunja. Namwambia ainuke upesi, apite nyuma, wageni wanakuja. Ananitazama kwa lile jicho lake la utani.

"Na mimi si mgeni, Rukia?"

Yeye anagonga pete, anainamisha kichwa. Anagonga nyingine. Kila moja ina mlio wake, na ndani ya kila mlio naiona siku yake: asubuhi ya baridi tulipochoma mahindi kwa joto la mlango wa tanuri, siku umeme ulipokatika katikati ya moto, naye akakaa pale pale akilibembeleza tanuri kwa maneno kama ng'ombe anayezaa. Pete nyingine inalia kwa kukwaruza, na hapo namsikia anakohoa. Namwambia aende hospitali, kama nilivyomwambia siku ile, naye ananijibu vilevile, ataenda tanuri likipoa. Lakini kwetu tanuri halikuwa likipoa. Likitoa mzigo huu, mzigo mwingine ulikuwa umekwisha kupangwa.

Maji yanapanda kidogo. Si kiwandani tena. Ni chumba cha nyuma nyumbani kwao, kuna harufu ya kafuri, wanawake wameshika shuka juu yetu, nami nimeshika birika. Namimina taratibu juu ya mkono wake wa kulia, kama nilivyomimina siku ya kumwosha. Ila sasa macho yake yako wazi. Ananigeuzia kiganja. Hakina mstari hata mmoja. Ni laini, cheupe, kama kilichotoka motoni sasa hivi.

"Mlishaniosha mara moja," anasema. "Inatosha."

Nampa penseli. Nadhani natumaini ataandika mwenyewe, mimi nipone. Anaipokea, anajaribu kuishika, inateleza kwenye vidole vile na kuzama. Nalia. Namweleza yote kwa mkupuo, habari za mteja, za meneja, za mapacha, za Chande ambaye tangu jana hataki hata kunywa chai. Namwambia kwamba pete zile ndizo zilizokuwa zimebaki na mkono wake, na hakuna aliyefikiria kuweka hata moja. Ananisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza pete, kichwa kimeinama, mpaka naisha kabisa.

"Waambie zimeoshwa," anasema. "Na Chande mwambie zinang'aa."

Nilifumbua macho. Kulikuwa kumekucha, mama anapuliza moto wa jiko uani, moshi unaingia dirishani. Sanduku lilikuwa juu ya kigoda, na juu yake ile pete moja niliyoiandika jana. Niliishika karibu na mwanga. Mwandiko umelala kushoto, saba imekatwa kiunoni. Mtu yeyote angeapa ni Zuhura. Kwa muda mfupi hata mimi nilitaka kuapa, nikaifumbata, nikatamani nibaki nayo, niseme nimepata moja iliyosalimika. Kisha nikalowesha kidole gumba kwa mate, nikaisugua. Ile saba ndiyo iliyochelewa kutoka.

Nilipomaliza kuvaa, mama aliniuliza kama nimeziandika zote. Nikamwambia sijaandika hata moja. Aliniangalia, akaliangalia sanduku. Anajua mshahara wangu unafanya nini katika nyumba ile.

"Sasa utawaambia nini?"

"Kwamba tuliziosha, mama."

Mama alifunga andazi kwenye karatasi, akaliweka juu ya sanduku kwa kuwa mikono yangu yote miwili ilikuwa imejaa. Penseli niliiacha kitandani. Nilianza kutembea, na ndani ya sanduku pete zikawa zinagongana polepole, zinalia kila moja kwa sauti yake, nami sikuweza kusema ipi ni ya siku gani. Mama akaufunga mlango nyuma yangu.