Ulezi wa Shangazi Leokadia

Ulezi uliolowekwa una harufu yake, tamu na nzito, kama udongo baada ya mvua ya kwanza. Kwetu Mpui harufu hiyo ikisikika nyumba tatu nne kwa mpigo, basi kuna binti anaolewa. Nami nawaambia wanaopanga harusi leo: anzeni na pombe, mhesabu siku kurudi nyuma. Ulezi uchipue, ukauke, usagwe, upikwe, uchachuke. Majuma mawili hayo. Padri akisoma tangazo la kwanza la ndoa, ulezi uwe umeshaingia majini. Na wa kwanza kupewa ulezi wa kuloweka ni shangazi wa bibi harusi, maana ndiye atakayemshika mkono kumtoa ndani.

Hilo sisi tulilikosea kwenye harusi ya dada yangu Skolastika. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena sabuni na vitenge, na mchumba wake, Deogratias, mfanyabiashara wa dagaa wa Kipili, akatuletea kadi zilizochapwa Mbeya, zenye ua jekundu. Hatukuwahi kuona kitu kama kile. Baba akasema sasa hakuna haja ya kuzunguka kwa maneno, kila mtu atapata kadi yake. Mimi kusoma nilisoma kidogo tu, lakini aliponituma kuzigawa alinisomea majina mara moja nikayashika kwa mpangilio wa kadi: mzee Nestory, mama Gaudensia, Paskali fundi baiskeli, Yustina mjane, hadi ya mwisho, ya Shangazi Leokadia, dada yake Baba, aliyekaa ng'ambo ya kilima. Tangazo la pili lilikuwa limeshasomwa.

Nilipofika kwa Shangazi nilimwamkia shikamoo, nikampa kadi kwa mikono miwili. Aliigeuza geuza, akanirudishia. "Mwanangu, kadi hupewa mgeni. Mimi kwa kaka yangu nimekuwa mgeni lini?" Hakugomba. Alinipa viazi vya njiani, akarudi kupepeta mahindi yake, nami nikashuka kilima ile kadi ikinichoma mkononi.

Baba alisema amealikwa, asipokuja shauri yake. Dada Skola alilia, kisha akasema bila shangazi yeye hatoki ndani, hata Deogratias aje na magari kumi. Asubuhi yake akajaza kikapu ulezi kwa mkono wake, akanitwika. "Usimwombe radhi wala usieleze. Sema tu, Skola anasema uuloweke."

Shangazi alipokea kikapu, akaupepeta ulezi polepole, akaumimina mtungini na kuutia maji. Ndipo akasema, "Siku hazitoshi. Lakini nitakuja."

Akaja. Alimshika dada mkono, akamvusha kizingiti, na gari likaondoka naye kwenda Kipili. Watu wakanywa pombe ya mama Gaudensia na ya Yustina, walioloweka mapema. Mimi nikarudi chumbani kwetu, nikalala upande wangu wa mkeka, ule wa Skola nikiuachia nafasi kana kwamba anarudi.

Pombe ya Shangazi iliiva juma lililofuata, wageni wote wameshatawanyika. Aliniita, akanipa togwa aliyonitengea, yeye akajikingia kibuyu kimoja. Tulikaa wawili mlangoni, mtungi mzima katikati yetu, tukisikiliza povu likipasuka. "Hii ilikuwa ya ukoo wote," akasema. Nilikunywa togwa yangu hadi tumbo likauma, kana kwamba mtungi nao utapungua.

Sasa shangazi ni mimi. Binti wa mdogo wangu Prosper anaolewa, sherehe ni ukumbini hapa Sumbawanga. Wana kamati, wanapanga kila kitu kwenye simu, hata chakula kinapikwa na watu wa kulipwa. Jumanne kijana wa bodaboda nisiyemjua alipiga hodi kwangu hapa mtaani Milanzi, akaniachia kadi. Jina langu wameliandika vizuri, na chini yake, mtu mmoja. Sikuirudisha, yule kijana hana kosa. Nimeiweka kabatini, nikautoa ulezi wangu nikaupepeta, upo tayari kando ya mtungi. Nangoja mtoto yeyote wa kwa Prosper aje aniambie niuloweke. Nimehesabu kwa vidole mara mbili. Siku hazitoshi, lakini nitakwenda.