Hata Majuu Kuna Kabiria

Jumamosi moja siisahau, mwanangu. Nilikuwa msusi pale Kenyatta Market, msichana mwepesi wa kusuka na mwepesi zaidi wa kusema, na nilikuwa na kiti changu mwenyewe ndani ya kibanda cha wasusi watatu. Kiti hicho nilikipata kwa jasho, maana pale hupati nafasi hadi mwenzako aolewe au ahame. Na jioni hiyo nilikuwa nakiuza. Mnunuzi angekuja tukifunga, nami ningepata cha kuongezea kwenye nauli ya kwenda Marekani.

Aliyenitia hamu hiyo, bila kujua, ni Anti Jerida, dada yake baba. Alikuwa amekaa huko miaka mingi akiwatunza wazee wa matajiri, na wiki hiyo alikuwa amerudi kwetu Kabiria, mtaa wa vyumba vya kubanana. Unajua desturi yetu watu wa magharibi mwa nchi: mtu akitoka majuu, ukoo mzima hujaa sebuleni, kuku huchinjwa, kisha kila mmoja hutaja shida yake. Mshahara wake tulikuwa tumeshaujua. Tuliubadilisha ukawa shilingi, tukaona Anti ni tajiri kuliko mbunge.

Basi akaja nimsuke. Alitaka nywele ndogondogo za kukaa miezi, kwa sababu huko, alisema, kusukwa ni bei ya chakula cha wiki. Nikacheka, nikidhani ni utani. Sijafika hata utosini, alikuwa amelala kinywa wazi. Nikamtikisa.

"Anti, unachoka aje na wewe ni mtu wa dola?"

"Nani amekuambia mimi ni mtu wa dola?"

"Si tulipiga hesabu. Mshahara yako ukiileta hapa ni pesa mob. Hata mimi nakuja. Hii kiti nauza leo."

Aligeuka, nywele zikanichomoka mkononi.

"Hiyo hesabu mmefanya nusu," alisema. "Mshahara mmeibadilisha. Nyumba je? Basi? Daktari? Zote nalipa na dola. Nakaa chumba moja na wamama wawili, na niko na kazi mbili. Unadhani huko kote ni Muthangari kwa matajiri? Muthangari iko, hapo ndio naosha wazee. Lakini hata huko kuna Kabiria, na hapo ndio nalala. Ukitaka kuja, kuja. Lakini kiti usiuze. Mimi niliuza cherehani yangu ndio niende, na sasa hata nikitaka kurudi, nitarudia nini?"

Nilizikusanya zile nywele zilizonichomoka, nikaanza upya. Nilimhurumia, tena nikajikasirikia na kuukasirikia ukoo wote, maana wiki nzima tulimuuliza ametuletea nini, na hakuna aliyemuuliza anaishije. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilimaliza kichwa polepole ili apate kulala. Mnunuzi alipofika nikamwambia kiti hakiuzwi. Alinitukana, akaenda zake. Kiti hicho ndicho kilichosomesha watoto wangu wote.

Sasa nasikia viza yako imetoka. Sikuzuii, mwanangu. Riziki haina mpaka, na wewe una mikono na akili. Ila ukitajiwa mshahara, usikimbilie kuugeuza shilingi. Uliza kwanza nyumba ya huko ni bei gani, na iko mbali gani na kazi. Usiache mbachao kwa msala upitao: kile kibanda chako cha kutengeneza simu mwachie dada yako akiendeshe, usikiuze. Na mwezi ukiwa mbaya, tuambie wazi kwamba hakuna kitu. Tutakula sukuma na tutashiba. Nasi tukikupigia, hatutaanza na shida zetu. Tutakuuliza kwanza kama umekula.

Nenda basi. Mungu akupe huko kazi moja inayotosha na chumba chenye joto, akuepushe na watu wa kukuhesabia jasho lako. Na siku ukichoka urudi bila haya, hata kama mkoba ni mtupu, maana sisi tunakungoja wewe.