Kikombe Kimoja cha Dawa, Watoto Wawili

Kosa ni langu, na sina wa kumsingizia. Mume wangu hajui. Mama yangu mzazi hajui. Ukimtoa muuguzi mmoja, ninyi msionijua ndio wa kwanza kusikia, basi nisikilizeni, hata kama mtanitukana.

Tunaishi kijijini, upande wa Wamaza. Mimi nauza maandazi kando ya njia, mume wangu anachimba dhahabu kule Lusangi. Mwaka jana alirudi nyumbani na kikohozi, akasema ni vumbi la shimo. Tukalala chumba kimoja kama kawaida, yeye, mimi, Feza wetu wa miaka saba, na Amani ambaye hata maneno alikuwa bado anajifunza. Majina hayo si yao.

Mume akarudi shimoni. Huku nyuma Feza akaanza kukohoa. Alikonda mpaka sketi ya shule ikawa haikai kiunoni. Nikampandisha pikipiki mpaka hospitali ya Kabambare, wakampima, wakasema ni kifua kikuu. Muuguzi, baba mmoja mpole, akanipa dawa za bure, kisha akaniuliza:

"Mama Feza, ku nyumba kuko batoto bengine? Hata kama habakohoe, ubalete. Dawa yabo ya kubakinga iko."

"Hapana, baba. Iko huyu mumoja tu."

Jamani! Amani nilikuwa nimemwacha kwa jirani, nikamkana mchana kweupe. Niliogopa nini? Maandazi! Nilijiambia mgonjwa mmoja naweza kumficha, lakini wakiniona nimebeba wote wawili kwenda kwa wagonjwa wa kifua, nani atakula kitu kilichotoka mikononi mwangu?

Vidonge vile vya watoto vinayeyuka kwenye maji kidogo. Vinanukia matunda, na maji yake ni matamu. Kila asubuhi Feza akinywa, Amani alikuwa analia, "Na miye! Na miye!" Mwanzo nilimwachia alambe kikombe, tukacheka wote.

Kisha naye akaanza kukohoa.

Hapo ndipo nilipopaswa kumpeleka Kabambare. Lakini ningemwambia nini yule baba? Kwamba mtoto wa pili nimemwokota shambani? Aibu ilinifunga miguu, nikafanya kile ninachojua kufanya. Kwetu mtoto hali huku mwenzake anatazama. Samaki akiwa mmoja, huyu anapata kichwa, yule mkia. Basi nikawapa kikombe kile kile. Feza anakunywa, anafika katikati, anamwachia mdogo wake. Na mimi nimekaa pale najiona mama mwenye haki! Mjinga mimi!

Dawa ya mmoja haikumtosha yeyote. Feza, aliyekuwa ameanza kunawiri, akaanza kukonda tena na kikohozi kikarudi. Amani akashikwa na homa isiyotoka. Alilala mchana kutwa, akiamka anatapika. Siku nilipotaka kumwinua kichwa anywe uji, shingo ilikuwa ngumu, akapiga ukelele. Nikamfunga mgongoni, nikaita pikipiki. Mvua ilikuwa imeharibu njia, pikipiki ikanasa kwenye tope, nikashuka nikatembea kwa miguu. Nilimwita jina njia nzima. Mwanzo alikuwa anaguna, baadaye akanyamaza.

Yule muuguzi ndiye aliyetupokea.

"Huyu mutoto ni wa nani?"

"Ni wangu, baba."

"Si ulisema uko na mumoja?"

"Nilisema."

Hakunigombeza. Afadhali angenipiga! Alisema tu, "Dawa yake ilikuwa hapa, mama," akainama kutafuta mshipa kwenye kamkono ka mwanangu. Nikamwambia na habari ya kikombe. Akashika ile shingo ngumu, akasema ugonjwa umempanda kichwani, kisha akaendelea na kazi.

Amani hakuamka tena. Ole wangu! Nilirudi naye kwa pikipiki, nimemfunga mgongoni vile vile nilivyokwenda naye.

Mume wangu alikuja kuzika, naye akapimwa, akakutwa na ugonjwa huo huo. Sasa anameza dawa. Kila akiniona nalia ananiambia, "Mungu alipenda, mama Feza." Nami naitikia. Lakini si Mungu, ni mimi! Siku nikipata nguvu nitamwambia, na sijui kama ataendelea kukaa na mimi.

Feza wamemwanzishia dawa upya. Kila asubuhi namwekea kikombe chake. Anakunywa, anafika katikati, anasimama, ananitazama.

"Maliza yote, mama," namwambia.

"Na ya Amani?"

Wazazi wenzangu, mkiulizwa nyumbani kuna watoto wangapi, tajeni wote, hata yule anayecheza na hana kikohozi. Wabebeni wote, watu waseme watakavyo! Na dawa ya mtoto mmoja msiigawe, ile si samaki. Habari ya ugonjwa wetu ilienea kijiji kizima, na maandazi yangu yanaisha kila siku kama zamani. Hakuna hata mteja mmoja aliyenikimbia.

Juzi nilimpeleka Feza Kabambare kuchukua dawa, nikamkuta muuguzi mwingine, kijana mgeni. Naye akauliza kama kuko watoto wengine nyumbani. Nikamjibu maneno yale yale, kwamba iko huyu mumoja tu. Mara hii sikudanganya.