Zoezi la Kukataa

Nilikuwa nimenuna tangu asubuhi. Chuo kilitutoa Dar siku ya Jumapili kutuleta kwenye ukumbi mmoja Bagamoyo, eti tufundishwe stadi za maisha: namna ya kumkatalia rafiki anayekusukuma kwenye mabaya. Mtu mzima mimi nifundishwe kusema hapana?

Kumbe ndicho nilichokuwa sikijui. Kwetu Lugoba mtu hakataliwi usoni. Unamwambia 'haya, sawa,' halafu siku ikifika unaumwa tumbo, naye anaelewa, yanaisha bila kuvunjiana heshima. Ndivyo nilivyomjibu mwenzangu wa chumbani aliponiomba nimfanyie mtihani wa marudio. Yeye ni mtoto wa mjini, akaichukua haya yangu kama ilivyo. Kufikia Jumapili ile kitambulisho chake kilikuwa kimeshabandikwa picha yangu, na mtihani ulikuwa kesho yake. Nikikamatwa, nafukuzwa chuo. Nisipotokea, anafeli, anaondolewa yeye.

Mwalimu wa mafunzo, mama mmoja mpole, akatupanga wawili wawili: mmoja aombe jambo baya, mwingine akatae. Nikapangwa na yuleyule mwenzangu wa chumbani, naye akanivuta mkono hadi mbele ya darasa zima.

"Shoga, kesho nifanyie mtihani," akasema huku anatabasamu.

Watu wakacheka. Hakuna mwingine aliyejua kwamba ombi lilikuwa la kweli.

"Siwezi."

"Si ulishakubali? Au ndiyo unanitosa?"

"Nilikubali kwa kukuonea haya. Sifanyi."

Wakapiga makofi. Mwalimu akasema ndivyo hivyo, usitafute visingizio. Mwenzangu naye akapiga makofi, tena kwa nguvu, nami nikashusha pumzi. Nilijua ameelewa.

Wakati wa chai akanifuata uani, akanishika bega. "Loo, unajua kuigiza wewe. Kesho saa tatu, uvae lile baibui langu jeusi."

Nilimchukia wakati ule, na nilimhurumia, vyote pamoja.

"Sikuwa naigiza," nikamwambia. "Siji."

Tabasamu lake likafutika. Akaweka kikombe chini, machozi yakimlengalenga. Nilisubiri matusi, na ningemrudishia, maana hasira zangu ziko karibu.

"Ungenikatalia tangu siku ile," akasema taratibu, "si ningesoma?"